Kitonga kwa baiskeli, na njia nzima kutoka Morogoro mpaka Ziwa Nyasa

Swali: "Mi ni mwalimu hapa Morogoro, nina miaka 34, nina baiskeli ya mtumba ya gia 21 na likizo ya Juni wiki mbili. Nataka kuendesha Morogoro, Iringa, Mbeya mpaka Kyela nikiwa na mzigo wangu wa kulala. Kila ninayemwambia ananiambia Kitonga haipandiki kwa baiskeli, eti bora nizunguke Dodoma nitokee Mtera. Ni kweli? Na hii baiskeli itatosha au nitafute nyingine?"

Jibu: Kaka, Kitonga, ule mlima wa kona kali kabla ya Iringa, inapandika. Wanaokutisha wengi wameiona kupitia dirisha la basi, na ukiwa kwenye basi kinachotisha ni lile korongo pembeni, ila we ukiwa na baiskeli korongo sio shida yako kabisa. Shida zako ni mbili: malori, na jua la bondeni. Mlima wenyewe ni suala la gia na uvumilivu, unapanda taratibu, ukichoka unashuka unasukuma, hamna anayekudai. Kwaiyo kila kipande cha hii njia usijiulize kina mwinuko kiasi gani, jiulize nitakuwa pale saa ngapi na nitakuwa nagawana lami na nani. Ukipanga hivo mambo mengi yanajipanga yenyewe.

Nianze na hii ya kuzunguka Dodoma maana najua ndo inakuchanganya. Morogoro Dodoma ni kama kilomita 260, Dodoma Iringa kupitia Mtera nayo ni kama 260 tena, jumla 520 hivi, wakati Morogoro Iringa moja kwa moja ni 310. Yani unaongeza siku tatu mpaka nne za kupedeli, alafu Morogoro Dodoma malori yapo vilevile, ni barabara ya mizigo ya Rwanda na Burundi hiyo. Ukishatoka Dodoma kushika njia ya Mtera ndo unapumua, magari ni machache, lami nzuri, pale bwawani unakula samaki mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Lakini mlima hujaukwepa! Mtera iko karibu mita 700 juu ya bahari na Iringa mjini ni zaidi ya 1,500, kwaiyo lazima upande, na unapandia Nyang'oro ambayo nayo ina kona zake na ukame wake. Ni njia nzuri sana kwa mtu mwenye mwezi mzima. We una wiki mbili, pita Kitonga.

Kuna na watu watakwambia pita Kilombero, yani Mikumi unakata kushoto Kidatu, Mang'ula, Ifakara, Mlimba, alafu unapandisha Taweta, Madeke, Lupembe unatokea Njombe. Mi naipenda hiyo kuliko zote, upande mmoja una Udzungwa upande mwingine bonde lote la Kilombero na reli ya TAZARA unakutana nayo njiani. Ila kule mbele ya Mlimba ni vumbi na mawe, mvua ikipita ni tope, na ukikatika cheni unaweza kukaa sana hujaona gari. Sio safari ya kwanza hiyo.

Sasa baiskeli. Ya mtumba gia 21 inatosha, usiende kununua nyingine, hela hiyo kula njiani. Ila angalia kitu kimoja kabla ya vyote: hesabu meno. Mbele kuna duara tatu, hesabu meno ya ile ndogo kabisa, na nyuma kwenye friwili hesabu meno ya ile kubwa kabisa. Baiskeli nyingi za gia 21 zinakuja na 28 mbele na 28 nyuma. Maana yake pedeli ikizunguka mara moja na tairi nalo linazunguka mara moja, kwa tairi la inchi 26 unasogea kama mita 2. Ukipedeli mizunguko 60 kwa dakika uko kwenye kilomita 7 na kitu kwa saa. Unaona ni taratibu, lakini we na baiskeli na mzigo tuseme mna kilo 100, kwenye mwinuko wa asilimia 7 spidi hiyo inadai karibu wati 160 muda wote, na mtu wa kawaida ambaye sio mwanamichezo hawezi kukaa na wati 160 saa nzima kwenye joto. Atafika katikati miguu imekuwa mbao. Sasa ukipata 24 mbele na 34 nyuma, mizunguko ileile 60 inakupeleka kilomita 5 na kidogo kwa saa na inadai wati 110 hivi. Tofauti ya wati 50 ndo tofauti ya kufika unaongea na kufika unatapika.

Kwaiyo nenda kwa fundi anayeuza spea za mitumba, mwambie unataka friwili yenye duara kubwa la meno 34, zipo, zile ambazo duara la mwisho limezidi sana wenzake utafikiri limebandikwa kwa makosa. Aangalie na cheni kama inafika maana duara likiwa kubwa cheni inahitaji urefu kidogo, na kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kiweze kulimeza. Ukikosa ya 34 chukua hata 32. Hii ndo pesa ya maana kuliko zote utakazotumia, kuliko mabegi, kuliko kofia ya mbwembwe. Baiskeli ya Phoenix ya gia moja kwa ulinganisho inasogea zaidi ya mita 5 kila pedeli moja, ndo maana hao wazee wa kubeba mkaa unawaona wanasukuma milimani, sio kwamba hawana nguvu, wana nguvu kuliko mi na we.

Vingine vya baiskeli harakaharaka: raba za breki mpya na seti moja ya akiba, spoku zikazwe na fundi anayejua maana mzigo wa nyuma unavunja spoku za nyuma upande wa cheni, tairi nene kidogo zisiwe zile nyembamba za lami, karia ya chuma sio ya alumini (chuma ikikatika popote Tanzania kuna mtu wa kuchomelea). Tyubu tatu za akiba. Bonde la Ruaha limejaa migunga na miiba yake inavuka tairi bila hodi, kwaiyo ukisimama kupumzika usiilaze baiskeli pembezoni kwenye majani, ibebe mpaka mahali peupe, na kabla ya kuondoka zungusha matairi utoe miiba kwa mkono kabla haijaingia ndani. Na kioo cha pembeni, upande wa kulia. Watu wanadharau kioo wanaona cha bodaboda, ila kwenye hii barabara mi sitembei bila kioo, ningechagua niache jiko niende na kioo.

Kabla ya safari fanya zoezi moja la kweli. Funga mzigo wote kama unaondoka, toka Bigwa shika njia ya Matombo, zile kona za Uluguru zitakwambia ukweli wote kuhusu gia zako, matako yako na kamba zako za mzigo. Ukirudi punguza vitu. Kila mtu anarudi anapunguza vitu. Na mzigo mzito usiweke wote nyuma, mlimani tairi la mbele linakuwa jepesi baiskeli inayumba, na kwenye barabara ya malori kuyumba nusu mita ni kitu kibaya. Maji weka kati, kwenye fremu.

Haya, njia.

Morogoro mpaka Doma hamna maneno, vilima vidogo, toka alfajiri. Ila ukifika Doma hapo simama, usiendeshe kuingia hifadhini. Barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50, tembo na nyati wanavuka lami wanavotaka na simba wapo, na hutaki kupata pancha katikati ya hapo saa nane mchana huku unajiuliza kile kichaka mbona kinatikisika. Tafuta kirikuu au kosta yenye karia juu, wape hela, ushukie Mikumi mjini upande wa pili. Kuna watu wanapita wakiendesha na wanafika, najua, na watakuja kukwambia mbona sisi tulipita. Sawa. Mi nakwambia panda gari, na sioni aibu yoyote kwenye hilo, safari ya baiskeli sio kiapo.

Lala Mikumi mjini, gesti zipo nyingi, kesho yake ndo safari yenyewe inaanza. Mikumi mpaka Ruaha Mbuyuni ni kama kilomita 80 na watu wengi wanaidharau siku hii kwa sababu akili yote iko Kitonga. Hapa katikati kuna Iyovi. Iyovi haina jina kubwa kama Kitonga lakini ina kona mbaya, barabara nyembamba, na kwa kuwa mwinuko sio mkali sana malori hayapunguzi mwendo kama yanavopunguza Kitonga, kwaiyo kwangu mi Iyovi ndo inadai umakini zaidi. Ukishaivuka unateremka kwenye bonde la Ruaha Mkuu, na hapo mandhari inabadilika ghafla, mibuyu inaanza, mibuyu kila upande mpaka juu kwenye vilima, na joto nalo linakupiga usoni. Pale Ruaha Mbuyuni uko kwenye mita 500 na kitu tu juu ya bahari, milima imekuzunguka, hewa imesimama. Hata mwezi wa sita mchana jua la pale sio la mchezo. Panga uwe umefika kabla ya saa sita, na kama hujafika tafuta kivuli cha mbuyu ulale mpaka saa tisa na nusu, ndo mibuyu ilivyokaa pale, itumie.

Maji: lita 4 mpaka 5 toka Mikumi, unakunywa kidogokidogo kila robo saa, usisubiri kiu. Chumvi pia, nunua zile pakiti za ORS duka la dawa, moja asubuhi moja mchana, maana maji matupu mengi huku unatoka jasho kutwa yanakufanya kichwa kiume na miguu ikakamae. Maji ya mtoni usinywe na usiogelee sehemu zilizotuama, kichocho. Ruaha Mbuyuni ni mji wa vitunguu, utaona mafungu barabarani mpaka utachoka, chakula kipo, wali maharage upo, na mama ntilie wa pale wanajua kulisha madereva wa masafa, kwaiyo sahani ni ya mtu aliyefanya kazi. Kula mara mbili. Sikutanii.

Toka hapo unafata mto Lukosi unaoingia Ruaha Mkuu, ni kipande cha kupanda polepole chenye vijiji, Mtandika, Mahenge (ya Kilolo hii, sio ile ya Ulanga). Ushauri wangu: usilale Ruaha Mbuyuni kama bado una nguvu na jua limepoa, sogea jioni ulale karibu zaidi na mguu wa Kitonga, huko kuna sehemu mabasi yanasimama watu wanakula na kuna vyumba, au muone mwenyekiti wa kijiji umwambie unataka kupiga hema, karibu kila mahali watakupa sehemu na mtu wa kukuangalia. Lengo ni kwamba kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mwanga ukishatoka, uwe unaanza kupanda, sio uwe unatafuta chai.

Kwanini asubuhi. Kwanza baridi. Pili mabasi yanayotoka Dar alfajiri yanafika Kitonga mchana, yale ya kutoka Iringa yanaanza kushuka kwenye saa moja na nusu saa mbili, kwaiyo kuna kadirisha kazuri hapo asubuhi unakutana na malori zaidi kuliko mabasi. Tangu 2023 mabasi yaruhusiwe kutembea usiku kuna machache yanapita alfajiri lakini bado ni afadhali kuliko saa saba mchana. Lori linalopanda Kitonga na mzigo halina mwendo, linatambaa, dereva anakuona mapema, mnaweza hata mkasalimiana. Basi ndo la kuogopa.

Kona zenyewe kali ni kama kilomita 7 hivi, kumekuwa na kazi za kupanua barabara kwaiyo sehemu nyingine utakuta pana na nyingine bado nyembamba, uliza madereva jioni yake pakoje. Ukiwa na gia niliyokwambia na unasimama kupumzika ni saa moja na nusu mpaka mbili. Hayo ndo yote ya Kitonga kwa upande wa miguu. Kwa upande wa kuishi, sikiliza haya.

Semi ikikata kona, matairi ya nyuma ya tela hayapiti yalipopita ya mbele, yanabana kwa ndani. Sisi tunaendesha kushoto, kwaiyo kona ya kushoto tela linakuja kuibana ile kingo ya lami ambayo we ndo upo, na dereva kwa pale alipokaa haoni huko chini. Kwaiyo ukisikia lori nyuma yako na mbele kuna kona ya kushoto, simama KABLA ya kona, shuka, itoe baiskeli nje ya lami, liache lipite mpaka mkia, ndo uendelee. Usifikirie utaliwahi. Kona ya kulia ina nafuu kidogo. Na pale semi mbili zinapokutana kwenye kona, moja inapanda moja inashuka, wote watatumia barabara nzima, hapo we hauna haki yoyote, kaa chini ule ndizi.

Ukisikia lori la kushuka linapiga honi mfululizo na halipunguzi mwendo, usiangalie, toka barabarani upande wa mlimani sio wa korongoni. Breki zinafeli kwenye milima hii, kila mtu anajua.

Na hii ya kudandia lori. Utaona vijana wa pale wameshika kamba nyuma ya lori wanapandishwa na baiskeli zao kama kawaida, watakuita na wewe. Usishike. Ukishika lori mkono mmoja huna breki ya maana, hujui linasimama lini, na ukiwa na mzigo wa kilo 15 nyuma baiskeli haigeuki kama ya kwao. Mwalimu, wanafunzi wanakusubiri.

Kisaikolojia niseme kitu kimoja: usiangalie juu. Kitonga unaona barabara imekaa kichwani kwako na lori dogo kama kiberiti linatembea kule, ukiangalia kule unakata tamaa. Angalia mita kumi mbele. Mi huwa nahesabu kona, wengine wanaimba kwaya, kila mtu na lake.

Ukitoka juu hewa inabadilika, unafika Ilula, mji wa nyanya, zaidi ya mita 1,300, unavaa koti kwa mara ya kwanza. Kama kilomita 45 zimebaki kufika Iringa, vilima vya kupanda na kushuka. Kabla ya Iringa utapita Lugalo, pale barabarani kuna mnara wa kumbukumbu, ndo sehemu jeshi la Mkwawa lilimpiga Zelewski na Wajerumani wake Agosti 1891. Simama hata dakika kumi, umekuja kwa miguu yako mwenyewe kutoka bondeni, utaelewa kwanini jeshi la Wajerumani lililotembea kwenye milima hii lilikuwa limechoka. Alafu unafika Ipogolo kwenye mto Ruaha Mdogo, unafikiri umefika Iringa, kumbe mji uko juu kilimani na kuna kamlima kamoja ka kumalizia ambako kanawaliza watu kuliko Kitonga kwa sababu hawakukategemea. Pumzika Iringa siku nzima, fua, kagua spoku, kula.

Iringa mpaka Makambako nisikuchoshe, kama kilomita 160, siku mbili na nusu ukienda vizuri, lala Mafinga. Ni nyanda za juu, misitu ya misonobari ya Sao Hill, barabara inapanda inashuka mawimbi. Njiani kama kilomita 20 toka Iringa kuna Isimila, zile nguzo za udongo na zana za mawe za zamani, ni karibu na barabara, ingia. Shida ya kipande hiki ni vitu viwili tu, baridi na upepo. Juni na Julai Mafinga asubuhi vidole havishiki breki, beba glovu na kofia ya sufu, sio utani, na Makambako upepo unavuma kweli, kipupwe kinatoka mashariki na kusini mashariki kwaiyo mara nyingi kinakupiga ubavuni kwa kushoto, na lori likikupita kwa kulia, upepo unakusukuma upande wake na lenyewe linavuta hewa, baiskeli inavutwa kuelekea kwenye lori. Shika hendeli kwa nguvu kila lori linapokaribia kukupita. Ndo hapo kioo kinalipa.

Toka Makambako kwenda Mbeya unateremka tena, Igawa, Chimala, Igurusi. Hapa kaka tulia uangalie kidogo maana ndo uhondo wa njia hii. Kushoto kwako una ukuta wa milima ya Kipengere na uwanda wa Kitulo, kulia tambarare ya Usangu na mashamba ya mpunga ya Mbarali. Mito yote midogo unayovuka kwenye madaraja hapa inashuka kutoka kwenye ule ukuta inaingia Usangu, na ndo inayotengeneza Ruaha Mkuu, unaopita hifadhini, unaingia Mtera, unatoka unapita kwenye lile bonde la mibuyu ulilovuka, unaingia bwawa la Kidatu. Mtera inazalisha megawati 80 na Kidatu 204 kwa maji hayohayo. Yani we umekata kona, mto umezunguka, mmekutana tena huku juu. Ukijua hivo kila daraja linakuwa na maana, unasimama unaangalia maji yanaenda wapi.

Pale Chimala utaona barabara inapanda ukutani kuelekea Matamba, wenyeji wanaiita Hamsini na Saba kwa sababu ya idadi ya kona. Inakupeleka Kitulo, hifadhi ya maua, kwenye mita 2,600 hivi. Itakuita. Kama umefika Chimala una siku tatu za ziada na mzigo unaweza kuuacha gesti, panda mtupu, na hata hivo ni mawe na vumbi. Maua yenyewe ni ya msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili, kwa Juni utakuta majani na baridi, kwaiyo mi kwa safari hii ningeiacha.

Kabla ya Uyole, njia panda ya kwenda Kyela ukikaribia Mbeya, kuna kupanda tena, Inyala, na pana historia mbaya ya ajali za malori yanayoshuka. Kanuni zilezile za Kitonga: asubuhi, kioo, simama kabla ya kona. Kama Inyala imekukuta saa tisa mchana umechoka, lala chini yake, usilazimishe.

Kutoka Uyole kwenda Kyela watu wengi wanadhani ni mteremko mtupu. Hapana, kwanza unapanda mpaka Isyonje, zaidi ya mita 2,200, ndo sehemu ya juu kuliko zote za safari yako, na ukungu unaweza kuwa umeshuka mpaka barabarani. Washa taa ya nyuma hata mchana. Baada ya hapo unashuka Kiwira, Tukuyu, mpaka Kyela karibu mita 500, yani unashuka mita 1,700 ndani ya kilomita mia hivi, kukiwa na vipande vya kupanda katikati kukukumbusha. Rungwe iko hapo kushoto na mita zake 2,960, migomba, chai, kila kitu kijani, ni kipande kizuri kuliko vyote na ndo sababu nakwambia usifike hapo na siku zimeisha. Toka asubuhi Uyole, lala Tukuyu, usishuke yote siku moja. Daraja la Mungu kwenye mto Kiwira liko huku, uliza njia ukiwa Kiwira.

Breki. Ukipiga hesabu, kilo 100 zikishuka mita 1,700 zinatoa joto la kuchemsha kama lita 5 za maji. Sehemu kubwa inaliwa na upepo ukiachia, ila ukiwa mwoga ukashikilia breki kidogokidogo muda wote joto lote linaenda kwenye ringi, ringi inapasha tyubu, na tyubu inaweza kupasuka au kiraka kikaachia gundi, tena kwenye tairi la mbele. Kwaiyo usishikilie. Kaa wima kifua kipigwe na upepo, hiyo ni breki ya bure, acha itembee, alafu kabla ya kona bana kwa nguvu mbele na nyuma pamoja mara moja, achia, ingia kona ukiwa umeshapunguza. Ndani ya kona usibane. Kila baada ya kilomita chache za mteremko mkali simama uangalie mandhari, ringi zinapoa. Usizimwagie maji zikiwa za moto sana na usizishike kwa vidole. Rungwe mvua inanyesha hata miezi ambayo kwingine ni kiangazi, na ringi ikilowa raba zinateleza mwanzoni, kwaiyo bana kidogo mapema kukausha kabla hujahitaji breki yenyewe. Magunia ya viazi na ndizi yanapakiwa barabarani, bodaboda zinatokea kwenye migomba bila kuangalia, mwendo wa wastani tu.

Tukuyu unatetemeka, Kyela unatokwa jasho, siku hiyohiyo. Kyela kuna mbu, chandarua kifungwe kwenye mzigo toka nyumbani, usikitegemee cha gesti. Kama bado una siku moja usiishie mjini, pita Ipinda mpaka Matema ufukweni, milima ya Livingstone inaingia ziwani pale.

Jumla ni kama kilomita 640 mpaka Mbeya na 120 hivi mpaka Kyela. Kwa siku 10 za kuendesha, 2 za kupumzika na 1 ya akiba unafika, wastani wa 70 kwa siku ukitoa kile kipande cha gari Mikumi. Siku ya Kitonga hesabu kilomita chache, ukifika Ilula umeshinda, lala. Kama siku ya saba bado hujafika Mafinga usianze kukimbiza, panda basi mpaka Uyole uokoe Tukuyu.

Kurudi: basi la Kyela Dar au Mbeya Morogoro, nenda stendi jioni ya kabla uongee na kondakta kuhusu baiskeli kwenye buti, mkubaliane bei ya mzigo hapohapo sio asubuhi watu wamejaa. Toa tairi la mbele, geuza hendeli, toa pedeli, funga gunia kwenye cheni ili isichafue mabegi ya watu maana hapo ndo ugomvi huanzia. Treni ya TAZARA, kama inatembea, nayo inabeba kwenye behewa la mizigo, ukiipata siku yake inakuvusha Mlimba na Ifakara, zile sehemu nilizokwambia za safari nyingine, unaziangalia dirishani. Ulizia ratiba stesheni ya Mbeya kabla hujashuka Tukuyu, ili ujue urudi lini.